Inchi Mbili za Dada Mizani

Ting.

Kijiko kiligonga kikombe cha bati mara moja tu, huko uani, saa kumi na moja alfajiri. Dada Mizani alifumbua macho, akabaki amelala vile vile, uso umeelekea ukutani. Mlio ule aliujua. Mlio mmoja maana yake kimbia. Milio miwili maana yake pumzika.

Akaanza kuhesabu kimoyomoyo, bila kutaka. Alipofika ishirini na tano, uani pakalia ting ting. Akadhani amehesabu polepole. Kisha kukawa na kimya cha dakika moja na nusu, na baada ya hapo, ting tena.

Kilichomshangaza ni kwamba uani hapakuwa na mtu wa kukimbia. Mtu wa kukimbia alikuwa yeye, na alikuwa kitandani kwa siku ya nane mfululizo.

Aliamka, akafungua mlango wa nyuma. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya taa ya uani, kanga mabegani, kikombe magotini, kijiko mkononi, saa ya ukutani ameitungua na kuiegemeza kwenye ndoo mbele yake.

"Mama, unamgongea nani?"

"Nagonga tu," alisema mama. "Mkono umezoea."

"Nilikuambia nimeacha."

"Ulinieleza. Na mimi sikukuita. Rudi kalale, mwanangu, mimi bado mizunguko sita."

Dada Mizani alisimama pale mlangoni akimtazama mzee wa miaka sabini na miwili, amekaa kwenye baridi, anazigongea ngazi tupu. Akarudi ndani, akavaa raba zake, akatoka.

Tumweleze kidogo. Jina hilo alipewa na makuli wa ghala la nafaka, ambako alikuwa karani wa mizani kwa miaka kumi na saba. Kila gunia lililoingia au kutoka lilipita mbele yake. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, aliweka jiwe la kilo ishirini juu ya mizani, na mizani isiposema ishirini kamili, hakuna aliyepakua kitu mpaka irekebishwe. Wenye magari walinung'unika, makuli wakatania, "Dada Mizani hata mchumba atamwekea jiwe kwanza." Naye alicheka nao, akaendelea kuandika. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mchumba hakuwapo wa kuwekewa jiwe.

Habari ya kukimbia ngazi aliianza nesi wa zahanati. Alimpima damu, akampima kiuno, akakunja uso kidogo, halafu akavuta kiti karibu badala ya kuzungumza akiwa nyuma ya meza. Dada Mizani hakuusahau ule wema wa kuvuta kiti.

"Sukari yako haijawa ugonjwa," nesi alisema, "lakini imeshika njia. Kinachonisumbua ni mafuta ya hapa tumboni. Moyo wako ni mzima, nimeusikiliza, kwa hiyo nitakupa kazi ngumu lakini fupi. Una ngazi nyumbani?"

"Zipo za kupandia juu tunakoanika nguo. Kumi na nne."

"Zinatosha. Kwanza tembea uani dakika tano, mwili upate moto. Kisha nusu dakika panda na kushuka kama unayefukuzwa na ng'ombe. Halafu dakika moja na nusu tembea kama unayekwenda kuchota maji. Mizunguko minane. Mwisho tembea tena polepole, basi. Mara tatu kwa wiki, usizidishe, mwili nao unataka siku ya kujikarabati. Ukiona kizunguzungu au kifua kinabana, acha, uje unione. Na hiyo nusu dakika isiwe ya kudanganya. Ukiweza kupiga soga katikati yake, bado hujaanza."

"Na chakula?"

"Ngazi bila sahani ni kazi bure. Nusu ya sahani iwe mboga. Na hiyo chai yako, vijiko vingapi?"

"Vitatu."

"Nimesikia vinne. Anza kuvipunguza."

Mambo yangebaki hapo, baina ya mtu na ngazi zake, kama si Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji, mjane wa miaka mitano, mwenye duka la cherehani mbili mtaa wa pili: moja yake, moja ya dada yake mkubwa. Dada Mizani alikwenda kushonesha koti la kazi. Fundi alimpima kiuno, akaandika kwenye daftari bila kuitaja namba kwa sauti, kwa sababu dukani mlikuwa na wateja wawili wengine. Mwanamke ambaye makuli wamemtania miaka kumi na saba anaona mambo kama hayo. Akarudi kushonesha sketi. Akarudi kufupisha koti ambalo halikuwa refu.

Siku moja aliona futi ya Fundi, ule utepe wa kupimia, imechakaa mpaka namba za mwanzo zimefutika na ncha imetoka nyuzi. Akamnunulia mpya, ya manjano.

"Hii ya zamani ilikuwa ya marehemu mke wangu," alisema Fundi, akiigeuza geuza mkononi. "Naye alikuwa fundi. Sijui kwa nini nakuambia hivi."

"Basi usiitupe," alisema yeye. "Iweke kwenye mtoto wa meza. Hii utafanyia kazi."

Wiki ile ile Fundi alimwambia anataka amuoe. Alisema huku anavisha uzi kwenye sindano, maana angeinua macho asingeweza kusema.

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Lilirudishwa na pazia.

Alikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, sketi nusu mwilini nusu mkononi, aliposikia dada mkubwa wa Fundi akisema kwa sauti ya chini, akidhani dukani wamebaki wawili tu: "Mdogo wangu, yule wa kwanza ulimuuguza miaka mitatu. Nilikuwa nakuletea chakula, nakukuta umelala umekaa. Huyu naye nesi ameshamwonya, mtaa mzima unajua. Mtu mwema, simkatai. Lakini wewe unataka kuuguza mara ya pili? Mimi sina nguvu za kukuona vile tena."

Hayakuwa maneno ya chuki, na ndiyo maana yaliuma. Ya chuki angeyajibu.

Alitoka nyuma ya pazia na sketi yake. Dada mkubwa akashika mdomo. Dada Mizani akaweka sketi juu ya meza, akamwambia Fundi kama anavyowaambia wenye magari:

"Kwenye daftari lako mimi ni ngapi kiunoni?"

"Mizani, hayo tuyaache."

"Ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Nipe wiki tisa. Ikishuka inchi mbili, nitakupa jibu, na dada yako atakuwa amepata lake. Isiposhuka, usije kwetu tena. Sitaki kumwingiza mtu kwenye hasara ninayoiona."

Basi akazipanda ngazi. Jumanne, Alhamisi na Jumapili, kabla ya jua, mama akigonga kikombe. Wiki ya kwanza mzunguko wa tano ulimkalisha chini kwenye ngazi ya tatu, akihema, miguu inatetemeka kama ya ndama. Wiki ya nne aliimaliza yote minane. Chai ikafika kijiko kimoja, ikafika bila. Usingizi ukawa mzuri. Alijipima kwenye mizani ya ghala makuli walipokwenda kula, akaona kilo moja na nusu zimetoka, akajiambia hizo ni maji na viatu. Nguo hazikumsaidia kujua, maana sketi zake za nyumbani zote ni za mpira kiunoni, na mpira haubishani na mtu.

Wiki ya tisa, Jumamosi, alikwenda dukani. Dada mkubwa mwenyewe alikuwapo. Fundi akachukua futi ya manjano, akampima. Akapima tena.

"Sema," alisema Dada Mizani.

"Labda umekula sasa hivi."

"Fundi."

"Arobaini na mbili," alisema Fundi. "Kasoro nyuzi."

Hakulia. Alishukuru, akachukua mkoba wake. Fundi alimfuata mpaka barazani, akamwambia, "Mimi sikuomba inchi. Uliomba wewe." Akamjibu bila kugeuka, "Niliomba, sikupata. Usije tena, tafadhali." Naye Fundi, kwa sababu ni mtu wa kusikia anachoambiwa, hakuja.

Hizo ndizo siku nane alizolala ameelekea ukuta.

Sasa alikuwa ameuzunguka ua mara kadhaa, mwili umepata moto, na mama alimwonyesha kijiko.

"Tayari?"

"Gonga."

Ting.

Alipanda. Magoti juu, mkono ukigusa ukuta kwenye kona, akashuka, akapanda tena. Alishangaa kwamba miguu ilikuwa bado inakumbuka. Ting ting. Akatembea uani, mikono kiunoni, pumzi ikirudi.

"Unaona," alisema mama. "Siku nane na bado unafika juu mara mbili. Mwezi ule wa kwanza ulikuwa unafika mara moja na kunilaumu mimi."

"Namba haikushuka, mama."

"Namba sikuiona mimi. Nimeona mtu anayepanda ngazi na kapu la nguo bila kuniomba nimshikie. Sukari nesi amesema imerudi nyuma kidogo, au hakusema?"

"Alisema kidogo."

"Na kidogo ni kitu." Mama akatazama saa. "Haya."

Ting.

Alikuwa kwenye mzunguko wa tano, amefika juu kabisa, aliposikia mlango wa mbele unabishwa. Si kwa nguvu. Vile mtu anavyobisha akitumaini asiwaamshe anaokuja kuwaamsha. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mama aliinuka na kikombe chake, akaenda kufungua. Sauti yake ikasikika kutoka huko mbele:

"Pita, baba, pita. Yuko nyuma. Lakini usimsemeshe, amebakiza mizunguko mitatu."

Dada Mizani alishika ukuta. Fundi alitokea uani, amevaa shati lisilopigwa pasi, jambo ambalo kwa fundi nguo si dogo. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni. Alimwona juu ya ngazi, na fulana ya kale iliyolowa, nywele zimefungwa kwa kitambaa, uso umeiva. Aliinamisha macho haraka, si kwa kuchukizwa. Kwa adabu, kama mtu aliyeingia chumba ambacho hakukaribishwa.

"Shikamoo, mama. Habari ya asubuhi, Mizani."

"Nilikuambia usije," alisema Dada Mizani, pumzi imekatika.

"Uliniambia. Nina neno moja tu, nikilisema naondoka."

"Utalisema akimaliza," alisema mama. "Kaa kwenye hiyo ndoo, igeuze. Wewe teremka, muda wako wa kupumzika umeisha zamani."

Basi Fundi akaiegemeza saa ukutani, akageuza ndoo, akaketi, akaweka mfuko magotini, akangoja. Ting. Dada Mizani akapanda kwa hasira, na hasira nayo ina faida zake kwenye ngazi. Fundi hakumtazama, alitazama saa. Midomo yake ilikuwa inahesabu, mazoea ya mtu wa vipimo. Ting ting. Akageuza uso polepole kumwelekea mama, nyusi zimepanda. Mama akamwangalia pia, kwa macho makavu kabisa, macho ya mzee asiyetaka kuulizwa. Fundi akaziba mdomo wake.

Mizunguko ikaisha. Dada Mizani akatembea uani mpaka pumzi ikatulia, mama akamletea taulo na bilauri ya maji, na Fundi akasimama.

"Haya, neno lako."

"Ulipungua," alisema Fundi.

"Ndilo neno?"

"Ulipungua, Mizani. Kosa ni la futi."

Dada Mizani alicheka, cheko fupi lisilo na raha. "Unaona, hilo ndilo nililoliogopa. Nilijua utanihurumia, utanitafutia namba. Ndiyo maana nilitaka upime mbele ya dada yako."

"Dada yangu ndiye aliyenituma. Ameniamsha saa kumi na nusu. Hata pasi hakuniachia niwashe."

Fundi akaendelea, na kwa mara ya kwanza hakuwa na sindano ya kutazama, akamtazama yeye.

"Wiki hii nimerudishiwa nguo nne. Mwalimu mkuu amekuja ameshika suruali mkononi, ananiambia, Fundi, hii nikisimama ni yangu, nikikaa si yangu. Mama mchungaji gauni halifungi mgongoni. Wote wateja wa zamani, wote vipimo vyao vimo kwenye daftari. Dada akanigombeza: unakata nguo moyo uko kwingine. Nikakubali, kwa sababu ulikuwa kwingine kweli. Jana jioni yeye akachukua daftari, akachukua suruali ya mwalimu, akapima, ikasema sawa na daftari. Akapima tena, sawa. Akakaa. Kisha akafungua mtoto wa meza."

Akatoa mkono mfukoni, na mkononi kulikuwa na futi mbili: ya manjano, na ile ya kale iliyotoka nyuzi.

"Hii imevutwa na watu wawili miaka kumi na minane," alisema. "Imerefuka. Si sana, ila imerefuka, kwa hiyo inasoma pungufu. Daftari lote limepimwa kwa hii. Na tangu uniletee mpya, nakata kwa mpya. Ndiyo maana nawabana watu."

Dada Mizani aliitazama futi ile kwa muda mrefu.

"Na mimi," alisema taratibu, "mara ya kwanza ulinipima kwa hii."

"Kwa hii hii."

"Na Jumamosi ile kwa hiyo niliyokununulia."

"Kwa ile uliyoninunulia mwenyewe."

"Ngoja," alisema. Akaingia ndani. Mama na Fundi wakasikia kisanduku kinaburutwa chini ya kitanda. Alirudi na futi ya chuma ya marehemu baba yake, ambaye alikuwa seremala, akaifuta kwa taulo. "Siyo kwamba nakudhania uongo, Fundi. Nadhania futi zote."

"Ningeshangaa kama usingezidhania."

Walipiga magoti sakafuni kwenye mwanga wa alfajiri, yeye upande huu na Fundi upande ule, futi ya chuma katikati. Wakatandaza ya manjano kando yake. Ilifuata chuma namba kwa namba. Wakatandaza ya zamani. Fundi aliishika ncha kwa vidole viwili, kwa upole, na Dada Mizani aliona upole ule, akaishika ncha ya pili vivyo hivyo, asiivute. Namba arobaini na mbili ya futi ya zamani ililala kando ya arobaini na tatu na nusu ya chuma.

Wakabaki wameinama pale, vichwa vimekaribiana.

"Miaka kumi na saba," alisema Dada Mizani, "hakuna gunia lililopita kwangu kabla sijaweka jiwe. Nimekuja kwenye kiuno changu mwenyewe, nimeamini futi ya mtu bila kuijaribu."

"Ulimwamini fundi."

"Ndiyo hatari yenyewe."

Mama aligeuka akaanza kuifuta saa ambayo haikuwa na vumbi.

"Inchi moja na nusu basi," alisema Dada Mizani, akikaa juu ya ngazi ya kwanza. "Nilisema mbili."

"Ulisema mbili."

"Imepungukiwa nusu."

"Nimeiona. Sikuja kuiongeza," alisema Fundi. "Nimekuja usilale unadhani ulikimbia bure. Wiki tisa si mchezo. Neno langu lilikuwa hilo." Akaanza kuzikunja futi, kila moja peke yake.

Mama akakohoa.

"Hiyo nusu," alisema, "pengine ni yangu."

Wakamgeukia wote wawili.

"Nusu dakika ni sekunde thelathini, najua kusoma saa, msinitazame hivyo. Lakini nilikuwa nikikuona unavyohema, mwanangu, nakuta mkono umeshagonga. Ishirini na tano. Siku ulizokuwa na mafua, ishirini. Huyu baba amenigundua sasa hivi, na hakunisema, Mungu ambariki."

Dada Mizani alifunika uso kwa taulo. Mabega yalitikisika, na Fundi akapiga hatua moja mbele, akidhani analia. Alipoliondoa taulo alikuwa anacheka mpaka machozi. "Nesi alisema isiwe ya kudanganya," alisema. "Nimedanganywa na mama, nimedanganywa na futi, na bado nimepungua."

"Ungekuwa na watu wakali ungeisha kabisa," alisema Fundi, na mama naye akacheka, akaingia jikoni na kikombe chake, akausukuma mlango nyuma yake. Hakuufunga wote. Aliwaachia tu nafasi.

Kicheko kilipoisha Dada Mizani alipanguza macho, akawa mtulivu.

"Fundi, inchi ni inchi. Lakini dada yako hakusema habari ya inchi. Alisema habari ya kuuguza. Nesi anasema nikiendelea hivi nina nafasi nzuri. Hakusema nina hakika. Nikiugua je?"

Fundi aliitazama futi ya zamani mkononi.

"Nitakuuguza. Kuuguza ninajua. Watu wanadhani ile miaka mitatu naikumbuka kama adhabu. Nilichoka, sikatai, dada hakusema uongo. Lakini nikiambiwa niirudishe isiwepo, na yeye asiwepo ndani yake, sitaki." Akaitia futi mfukoni. "Na usidhani wewe peke yako ndiye mgonjwa wa kesho. Miaka ishirini nimepinda kwenye cherehani. Kutoka kwetu hadi hapa nimesimama mara mbili. Huenda wewe ndiye utakayeniuguza mimi."

"Umesimama mara mbili? Si mbali."

"Nilikuwa naogopa pia. Sijui lipi lilinisimamisha."

Alimtazama kwa jicho la kazini, lile la kutazama gunia na kukisia kabla ya kupima. Shati halijapigwa pasi. Kwenye kola palikuwa na kipande cha uzi mweupe. Akanyoosha mkono akakiondoa, jambo dogo, na wote wawili hawakujua waangalie wapi.

"Dada yako alisema nini hasa, alipokuamsha?"

"Alisema, nenda kamwambie kabla sijapoteza ujasiri wa kukubali nilikosea. Kisha akasema, naye mwambie sioni haya kukimbia ngazi, na magoti yangu yananisumbua, anaweza kunifundisha?"

"Alisema hivyo?"

"Nimepunguza. Alisema na mengine kuhusu mimi."

Fundi akachukua mfuko wake, akaaga mama kupitia ufa wa mlango wa jikoni, akaelekea mbele. Hakuuliza jibu. Alikuwa ameshasema alichokuja kusema, na yeye ni mtu wa kuondoka akimaliza. Dada Mizani alimfuata kupitia ukumbini, raba zikilia sakafuni, mpaka kizingitini. Nje kulikuwa kumekucha. Jirani wa ng'ambo alikuwa anafagia mbele ya mlango wake, akapunguza mwendo wa fagio ili asikie vizuri.

"Fundi."

Akageuka.

"Nilikuambia maneno barazani kwako siku ile. Niliyapima kwa futi mbovu."

"Maneno gani?" alisema Fundi, ingawa aliyajua.

"Jumanne saa kumi na moja alfajiri. Mama amestaafishwa leo, kijiko utashika wewe, na ukinihurumia hata sekunde moja nitajua, nimeanza kuhesabu. Mwambie dada naye avae viatu vya kupandia ngazi. Alinisema nikiwa nyuma ya pazia. Jibu langu nataka nilitoe mbele yake, alisikie vizuri."

Fundi alitazama chini, akavitabasamia viatu vyake.

"Nije na futi ipi?"

"Usije na futi," alisema Dada Mizani. "Lakini uje, Fundi. Uje tena."